Breki za Lori la Myamba

Gari dogo la Bwana Stedimani lilibadilishwa oili kila lilipotimiza maili elfu moja. Halikuruhusiwa kupitisha hata maili kumi. Jumamosi moja dereva wake, Sefania Mbwambo, aliingia chini yake alfajiri na kutoka saa nane mchana, amekwisha kumwaga oili chafu na kutia mpya, amepaka grisi kila kiungo, amekaza breki, amesugua plagi. Halafu akaliosha na kulipangusa mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mbele ya mlango wake. Gari lile lilibeba mtu mmoja na mbwa wake, kutoka Same kwenda Moshi kwenye klabu ya Wazungu, na kurudi.

Lori lake ndilo lililobeba watu. Kila Jumatatu na kila Alhamisi liliondoka Same, likapita Kisiwani kwa njia ya vumbi mpaka Gonja, likakwea mlima mpaka gulio la Myamba. Huko lilipakia kahawa na ndizi, na juu ya kahawa na ndizi wakapanda wanawake na watoto wao, wazee wanaokwenda hospitali, na vijana wanaotafuta kazi mashamba ya katani. Lori hili lilikuwa na maili elfu tatu na mia nane tangu lishikwe mara ya mwisho na spana.

Yudith, mkewe Sefania, aliijua hesabu hiyo kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chao. Sefania alikuwa dereva wa jeshi wakati wa vita, alikwenda na magari mpaka Abesinia na, ng'ambo ya bahari, mpaka Bama, na huko alifundishwa kwamba gari halisubiri liugue ndipo litibiwe. Alirudi na medali moja na tabia hiyo. Kila aliporudi safari alisoma mita ya lori, akaandika nyuma ya mlango: upande wa kushoto maili zilizokwenda, upande wa kulia maili ambazo lori lilipaswa kulazwa lifanyiwe sevisi. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka mpaka karibu na bawaba. Upande wa kulia ulikuwa na mistari mitatu iliyokatwa. Mara tatu alikuwa amemwomba tajiri wake siku mbili za kulilaza lori, na mara tatu alijibiwa kwamba huu ni msimu wa kahawa.

Ijumaa ya kabla ya Jumamosi hiyo, mwezi wa Agosti, mwaka wa hamsini na tatu, Sefania alirudi akakaa mbele ya sahani ya makande bila kugusa kijiko.

"Baba Eliaichi, chakula kinapoa," Yudith alisema.

"Jana nilikanyaga breki pale kona ya tatu ukishuka Myamba. Mguu ukaenda mpaka chini kama nakanyaga mkate."

Yudith alikaa. "Ukafanyaje?"

"Nikapampu. Mara ya kwanza hamna, mara ya pili hamna, mara ya tatu zikashika kidogo. Nikatia gia ya kwanza nikashuka nayo hivyo hivyo mpaka Gonja. Nyuma walikuwa wanaimba. Kulikuwa na harusi."

"Hukuwaambia?"

"Ningewaambia nini? Warukie wapi?" Alisukuma sahani. "Nilipofika nikafungua gurudumu moja. Mafuta ya breki yanavuja, na breki shuu zimeliwa mpaka kwenye chuma. Hiyo si sevisi tena, mama, hiyo imekwisha kuwa ugonjwa. Ingekuwa sevisi mwezi wa Mei."

"Jumatatu?"

"Jumatatu silipeleki."

Yudith alitazama kile chumba. Kilikuwa chumba cha Bwana Stedimani, kama vilivyokuwa vyumba vyote sita vya ule mstari, na kitanda kilikuwa chao lakini bati lililokuwa juu ya kitanda lilikuwa la tajiri. Mtoto wao Eliaichi alikuwa amelala, ana miaka minne. Yudith alitaka kusema neno kuhusu bati, akalimeza.

"Basi usilipeleke," alisema.

Jumatatu asubuhi Yudith alimfuata mumewe uwanjani akiwa na kifurushi cha chakula, ingawa hakukuwa na safari ya kubebea chakula. Alitaka tu kuwapo. Abiria walikuwa wamekwisha fika, wamekaa juu ya mizigo yao kando ya ukuta wa ghala. Bwana Stedimani alitoka na kikombe mkononi, amevaa kaptula, mbwa nyuma yake. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliwaita wafanyakazi wake kwa majina yao na Krismasi aliwagawia sukari, na kwa ajili hiyo watu walisema ni afadhali yeye.

"Sefania. Saa moja na nusu. Kwa nini wewe hapana ondoka?"

"Shikamoo, bwana. Breki zimekufa. Nilikuambia Ijumaa jioni."

"Ijumaa ulitoka Gonja, ulifika hapa. Breki ilikufa, wewe nafika namna gani?"

"Kwa gia, bwana. Na kwa Mungu."

Mtu mmoja pale ukutani akacheka. Bwana Stedimani hakucheka. Alikwenda akafungua mlango wa lori, akakanyaga breki lori likiwa limesimama, akashuka.

"Iko shika."

"Hapa ni uwanjani, bwana. Kukanyaga hapa na kukanyaga mlimani ni mambo mawili. Nipe siku mbili. Breki shuu zipo kwa fundi wa Moshi, treni ya leo inaweza kuzileta kesho. Alhamisi nitakwenda Myamba mara mbili ukitaka, usiku na mchana."

"Kahawa nangoja Myamba gunia arobaini. Nikichelewa, yule Mhindi nachukua yeye." Alikunywa chai yake. "Gari yangu mimi ndiyo najua siku ya sevisi. Wewe kazi yako endesha. Panda."

"Gari lako dogo nililifanyia sevisi juzi, bwana, na lilikuwa zima. Hili lina watu."

Hapo ndipo uso wa tajiri ulipobadilika. Yudith aliona, na alijua kilichombadilisha si suala la breki. Ni kwamba maneno yale yalisemwa mbele ya watu waliokaa juu ya mizigo.

"Mara ya mwisho, Sefania. Panda."

"Sipandi, bwana."

Bwana Stedimani alimpa mpishi wake kikombe, akapanda gari lake dogo, akaenda bomani. Haikufika saa tatu askari wawili walikuja uwanjani. Sefania alikuwa amekaa juu ya ngazi ya lori akisubiri. Alimpa Yudith ufunguo wa lori, kisha akakumbuka kwamba ni wa tajiri, akauchukua tena, akamkabidhi askari.

Mahakama ya bomani ilikuwa na dirisha linalotazama uwanja ule ambao Wapare walikaa siku na siku wakati wa kupinga kodi ya serikali iliyoitwa mbiru. Yudith aliukumbuka uwanja ulivyojaa mwaka ule. Leo ulikuwa na mbuzi wawili.

Shtaka lilisomwa na karani mkalimani aliyeitwa Eliamini, kijana mwenye sauti safi. Kwamba mtumishi Sefania Mbwambo, bila sababu ya haki, alikataa kutii amri halali ya tajiri wake. Yudith hakuwa amejua kwamba kuna sheria hiyo. Alijua mtu akikataa kazi hufukuzwa. Hakujua kwamba hufungwa.

Bwana Shauri, ofisa wa Kiingereza aliyehukumu kesi, alikuwa kijana kuliko Sefania. "Lori lilikuwa linatembea?" aliuliza kwa njia ya Eliamini.

"Lilikuwa linatembea, bwana."

"Basi lilikuwa zima."

"Kutembea ni kazi ya injini. Mimi nilikataa kwa sababu ya kusimama. Lori lile halisimami."

Eliamini alifikiri kidogo, akatafsiri. Sefania aliyajua maneno yale ya Kiingereza, maana alikaa na maofisa miaka minne, na baadaye alimwambia Yudith jinsi yalivyotafsiriwa: kwamba mshtakiwa anasema breki hazikumpendeza.

Yudith alikuwa na karatasi. Usiku uliotangulia alikuwa amenakili kila kitu kilichoandikwa nyuma ya mlango, tarehe na maili, kwa mwandiko aliofundishwa misioni mpaka darasa la nne. Alisimama akainyanyua. Bwana Shauri aliitazama kutoka mbali.

"Hiyo ni nini?"

"Ni maili za lori, bwana. Na siku alizoomba kulilaza."

"Nani ameziandika?"

"Aliziandika mume wangu mlangoni. Mimi nimezinakili."

"Mlangoni," Bwana Shauri alirudia kwa Kiswahili, na Bwana Stedimani aliyekuwa kwenye kiti upande wa pili akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Mwambie mama akae."

Miezi miwili, na kazi ngumu. Sefania alitolewa kwa mlango wa nyuma. Jumamosi yake msimamizi wa uwanja alimletea Yudith habari kwamba chumba kinatakiwa na dereva mpya. Alisema kwa upole, akitazama chini. Aliuliza pia kama Yudith angeweza kupangusa ile chaki mlangoni kabla ya kuondoka. Yudith hakuipangusa.

Alirudi Myamba kwa mama yake, Eliaichi mgongoni, kitanda amekiacha kwa jirani. Kutoka Gonja alipanda mlima kwa miguu.

Dereva mpya alikuwa Iddi, mtu wa Kisiwani, ambaye Yudith alimjua kwa sura. Alikuwa utingo wa malori ya katani, akapata leseni mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa akizunguka Same nzima akiomba usukani wowote. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha. Wa kwanza waliomwita Kurwa alikuwa mgonjwa mgonjwa.

Majuma mawili ya kwanza lori lilipanda na kushuka. Watu wa Myamba walisema, unaona, Sefania alikuwa na kiburi cha jeshi. Yudith aliyasikia hayo gulioni akiuza maharage, akaendelea kupima. Lakini Alhamisi ya juma la tatu alisimama nyuma ya lori likiwasili, akasikia breki zikisaga chuma kwa chuma, akaona alama ya mafuta iliyolowa ndani ya gurudumu la nyuma. Aliyajua yote mawili kwa sababu kwa miaka sita alikuwa amelala na mtu asiyezungumza kitu kingine.

Alimfuata Iddi aliyekuwa akinywa uji chini ya kibanda.

"Iddi, hujambo."

"Sijambo, shemeji. Pole na matatizo."

"Unapampu mara ngapi?"

Iddi aliangalia huku na huku. "Mara nne. Leo mara tano."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia Jumatatu. Akaniuliza, na wewe umechoka kazi? Akaniambia Sefania yuko wapi." Alizungusha uji kwenye kikombe. "Shemeji, nikuulize na mimi. Yuko wapi?"

Jibu lilikuwa linavunja mawe kwenye barabara ya Same kwa nguo nyeupe za wafungwa, na kila mwenye leseni kutoka Mwanga mpaka Mkomazi alikuwa amepita akaliona. Hilo ndilo lililomuuma: kumbe kifungo kile hakikuwa cha mumewe peke yake. Kilikuwa kimemfunga na Iddi, hapo alipokaa na kikombe chake.

"Nina watoto wawili wa mwezi mmoja," Iddi alisema.

"Basi shuka na kahawa tu. Watu usiwachukue."

"Nitawaambiaje? Nauli ni ya bwana."

"Nitawaambia mimi."

Alianza na Koleta, mama mnene mwenye ndizi mikungu saba, kwa sababu Koleta alikuwa na sauti. Alimwambia wazi: lori hili halijalazwa tangu mwezi wa pili, breki zake zimekwisha, Sefania alifungwa kwa kulikataa, na ukitaka kuamini kainame utazame gurudumu la nyuma. Koleta aliinama. Aligusa mafuta kwa kidole, akanusa, akainuka polepole akishika kiuno.

"Mimi magoti yangu mabovu," Koleta alisema, "lakini ubovu wake naujua." Akaanza kushusha mikungu yake.

Neno likapita kutoka kapu hadi kapu. Wengine walinung'unika, wengine walimwambia Yudith kwamba anamlipizia kisasi tajiri, lakini walishuka. Mwishowe juu ya lori pakabaki magunia tu.

Chini akabaki mzee mmoja aliyetaka kupanda. Mzee Gideoni alikuwa anapelekwa hospitali ya Gonja kwa ajili ya macho, yote mawili yalikuwa na ukungu, na mjukuu wake alikuwa amemfikisha gulioni akarudi shambani.

"Shikamoo, babu. Lori hili ni bovu. Subiri Jumatatu, tutapata lingine."

"Marahaba, mwanangu. Hilo lingine liko wapi?"

Hakuwa anamdhihaki. Alikuwa anauliza tu. Hakukuwa na lingine.

"Tutakubeba kwa machela."

"Watu gani? Wako kwenye kahawa." Mzee alipapasa ubavu wa lori akitafuta mlango wa mbele. "Mganga ameniandikia kesho. Nimengoja tangu masika. Nishike mkono mama."

Yudith akamshika mkono. Alimwinua akamkalisha kiti cha mbele, akampa fimbo yake, akamfungia mlango. Mlango ulikuwa mzito, ilibidi aubamize mara mbili.

Lori lilianguka kona ya tatu. Wanawake waliokuwa wakishuka kwa miguu na vikapu vyao walilisikia kabla ya kuliona: honi ndefu isiyokatika, kisha kishindo, kisha tena honi, mpaka betri ilipokufa. Lilibingirika mara mbili likazuiwa na mti wa mvule. Kahawa ilitawanyika bonde zima. Iddi alirushwa nje akavunjika mguu mahali pawili. Mzee Gideoni walimkuta kitini, mlango bado umefungwa.

Yudith alikwenda kumwona Iddi hospitali ya Gonja na uji kwenye chupa. Askari alikuwa amekaa kando ya kitanda. Mguu ulikuwa umeinuliwa kwa kamba, na uso wa Iddi ulikuwa wa mtoto.

"Uliniambia," Iddi alisema.

"Nilikuambia."

"Ningekataa ningekuwa na mumeo kule barabarani."

"Ndiyo."

Yudith alimnywesha uji. Alikuwa amekuja huku akitafuta mtu wa kumkasirikia, akaona kwamba hapa hayupo.

Uchunguzi wa kifo ulifanyika bomani juma lililofuata, Bwana Shauri yule yule, dirisha lile lile. Sefania aliletwa kutoka gerezani kama shahidi. Alikuwa amekonda na viganja vyake vilikuwa vimepasuka, lakini alisimama wima kama dereva wa jeshi anayekaguliwa. Bwana Stedimani alivaa tai nyeusi. Alikuwa amempelekea mjane wa Mzee Gideoni blanketi na unga, na hilo liliandikwa.

"Shahidi," Bwana Shauri alisema, "wewe ulifundishwa ufundi jeshini. Lori kama lile linapaswa kufanyiwa sevisi mara ngapi?"

Yudith alimtazama mumewe akivuta pumzi. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo.

"Kila siku kabla ya kuliwasha, bwana, unatazama oili, maji, mafuta ya breki na magurudumu. Kila juma unapaka grisi. Oili ya injini, kwa barabara nzuri, maili elfu mbili, lakini njia yetu ya Kisiwani ni vumbi tupu, kwa hiyo elfu moja. Breki unazikaza kila maili elfu moja, na gari la mlimani kila mia tano. Kila maili elfu tatu unafungua magurudumu yote manne unazitazama kwa macho. Breki ikianza kupiga kelele huhesabu tena maili. Unalilaza siku hiyo hiyo."

Aliyasema bila hasira, kama mtu anayesoma Katekisimu. Eliamini alitafsiri yote, na safari hii alitafsiri vizuri. Bwana Shauri aliandika yote. Kalamu ilipotulia, alimgeukia Bwana Stedimani.

"Nani alikuwa na jukumu la kuangalia hayo katika kazi yako?"

"Huyu," Bwana Stedimani alisema, akimwonyesha Sefania kwa kidole. Alizungumza kwa Kiingereza, na Eliamini aliwatafsiria watu. "Nilimtegemea yeye kabisa. Ndiye fundi niliyekuwa naye. Alipoiacha kazi, lori likakosa mtu wa kulitunza. Yule wa pili hakuwa na ujuzi. Nasikitika sana."

Bwana Shauri alimrudia Sefania. "Kwa hiyo wewe ulijua yote haya, na ukaliacha lori."

Eliamini alitafsiri. Yudith alishika benchi kwa mikono miwili. Yale yote mumewe aliyoyajua, waliyoyaita mlango na kiburi, sasa wameyachukua wakayafanya kosa lake.

"Sikuliacha, bwana," Sefania alisema. "Wewe ulinifunga."

Eliamini aligeuka kwa Bwana Shauri. "Shahidi anasema," alianza kwa Kiingereza, akasita, "shahidi anasema kwamba hakuwapo."

Basi Sefania akasema mwenyewe kwa Kiingereza, polepole, neno moja moja, ili anayeandika asikose. Yudith hakukijua Kiingereza lakini alijua anachosema, kwa sababu alimwona akielekeza mkono wake uliopasuka kwenye kiti cha Bwana Shauri, kisha kwenye kiti cha Bwana Stedimani, kisha chini, kwenye ubao wa sakafu mahali aliposimama siku ya kwanza.

Siku kumi na nne zaidi, kwa utovu wa adabu mbele ya mahakama. Na kuhusu kifo, iliandikwa kwamba kilitokana na uendeshaji usio na uangalifu, pamoja na uzembe wa watumishi wa Kiafrika katika kulitunza gari. Leseni ya Iddi ikafutwa na kesi yake ikasubiri mguu upone. Bwana Stedimani alishauriwa kuajiri watu waaminifu zaidi.

Nje, Eliamini alimpita Yudith akiwa amebeba makaratasi. Kisha alisimama.

"Dada, ile kazi yangu," alisema.

"Nimeona kazi yako," Yudith alijibu, akaenda zake.

Katikati ya Oktoba, siku ya gulio, lori jipya lilipanda Myamba. Lilikuwa la kijani, bado linanuka rangi, na Bwana Stedimani mwenyewe alikuja nalo, amekaa mbele karibu na dereva aliyemtoa Moshi. Bima ilikuwa imelipa. Alishuka akizungumza na watu, akawapa watoto peremende, akapiga ubavu wa lori kwa kiganja.

"Lori mpya kabisa," alisema. "Leo nauli nusu. Panda, mama. Panda."

Wanawake walikuwa na ndizi, na kutoka Myamba mpaka Gonja kwa miguu na mkungu kichwani ni safari inayokula mabega. Walimtazama Koleta. Koleta alimtazama Yudith.

Yudith aliacha maharage yake akaenda mpaka mbele ya lori. Hakuwa amelala vizuri tangu Septemba, kila usiku usingizini aliubamiza ule mlango wa lori mara mbili. Alimwamkia tajiri kama inavyopasa, kisha akamwuliza dereva, si tajiri.

"Kaka, lina maili ngapi?"

Dereva aliangalia mita. "Mia sita na arobaini."

"Sevisi ya kwanza limefanyiwa lini?"

"Mama, hili ni jipya," dereva alisema, akicheka kidogo. "Jipya halitaki sevisi."

"Jipya ndilo linalotaka mapema. Maili mia tano za kwanza unamwaga oili yote, kwa sababu chuma kipya kinasagana kikaacha unga ndani. Unakaza nati zote, maana zinalegea likizoea njia. Unakaza breki, maana nazo hulegea." Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya maharage. "Limepitisha mia na arobaini. Bwana, utalilaza lini?"

Bwana Stedimani alimtambua. Yudith aliona anavyomtambua, kuanzia machoni mpaka shingoni kulikoanza kuwa na wekundu.

"Wewe mke ya Sefania."

"Ndiyo, bwana. Utalilaza lini?"

"Gari yangu," Bwana Stedimani alisema, "mimi ndiyo najua."

Yudith alirudi kwenye maharage yake, akafunga gunia ili yaliyobaki akayauze Gonja, akatengeneza kata ya majani ya mgomba kwa ajili ya kichwa. Koleta alishusha kapu alilokuwa amekwisha kulipandisha. Mwanamke wa pili naye akashusha. Wanaume watatu waliokuwa na haraka ya mashamba ya katani walipanda, wakakaa juu wakiangalia pembeni, na mmoja wao baada ya kitambo akashuka akisema amesahau kofia. Dereva alizima injini. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakitazama muda mrefu, na tajiri wake alipomwambia apande alipanda, lakini alishuka mlima taratibu kwa gia ya kwanza, na wanawake waliokuwa nyuma yake kwa miguu hawakuachwa mbali.

Walitembea kwa mstari mmoja, hawakuimba. Pale kona ya tatu Koleta aliomba wapumzike, wakatua mizigo. Chini bondeni watu walikuwa wamekwisha ng'oa kila kipande cha bati cha lori la zamani, na mvule ulikuwa na jeraha jeupe. Yudith alihesabu kwa vidole. Sefania alikuwa amebakiza siku kumi na mbili.

"Akitoka atapata kazi wapi?" Koleta aliuliza.

"Sijui."

"Kwa huyu hawezi."

"Kwa huyu haendi," Yudith alisema. Akainama, akaomba asaidiwe kujitwika gunia.